Tovuti ya nyumba ya wageni Wete: shika funguo kwanza, rangi baadaye

SWALI: Assalaam alaykum. Nina nyumba ya wageni ya vyumba sita Wete, Pemba, na wageni tunawapeleka msitu wa Ngezi, ufukwe wa Vumawimbi na kisiwa cha Misali. Tovuti yetu ya .com tulitengenezewa mwaka 2015. Kwenye simu maandishi ni madogo, picha hazimalizi kufunguka, na bei zilizomo ni za zamani kwa sababu aliyeitengeneza hapatikani tena. Fundi mwengine anataka shilingi milioni moja na nusu aijenge upya kwa wiki mbili. Nianze wapi? Wiki mbili zinatosha? Na jee, nihamie .co.tz? — Msomaji, Wete

JIBU: Waalaykumu salaam, dada.

Kabla hujampa fundi hata shilingi moja, tafuta funguo za tovuti uliyonayo. Watu wengi huiona tovuti ni kitu kimoja, kumbe ni vitu vitatu vinavyokaa pahala tofauti. Kuna domeni, yaani jina lenyewe analoliandika mgeni. Kuna hosti, kompyuta ya kukodi ambamo mafaili yako yamehifadhiwa. Na kuna mfumo, yaani programu inayoendesha kurasa, aghalabu WordPress, ambao una mlango wake wa msimamizi. Kila kimoja kina akaunti yake na neno lake la siri. Ukikosa funguo za mfumo, mwenye hosti anaweza kukusaidia kuingia. Ukikosa hosti, utajenga upya kwengine na hasara ni ndogo. Ukikosa domeni ndipo penye msiba, kwa sababu jina lililo kwenye kadi zako, kwenye vitabu vya wasafiri na kwenye tovuti za watu wengine linamtii yule tu aliyeliandikisha.

Nenda lookup.icann.org uandike jina la tovuti yako. Utaona msajili, yaani aliyeuza na kuliandikisha jina, ni kampuni gani, na tarehe ya kumalizika. Jina la mmiliki huenda limefichwa, hilo ni kawaida. Mwandikie msajili huyo, ambatisha leseni ya biashara, risiti ulizomlipa fundi wa zamani na barua pepe zozote mlizoandikiana, uombe akaunti ihamishiwe kwako. Wakati huohuo endelea kumtafuta yule fundi kupitia jamaa zake. Akikubali, kazi yake ni ya dakika kumi: afungue kufuli ya uhamisho na akupe namba ya siri ya kuhamishia. Uhamisho wa .com kwenda kwa msajili mwengine huchukua siku chache, unalipia mwaka mmoja na mwaka huo unaongezwa kwenye muda uliobaki, kwa hiyo fedha haipotei. Ila jina lililoandikishwa au kuhamishwa karibuni kwa kawaida hufungwa siku 60 lisihame tena.

Angalia tarehe ya kumalizika kwa makini. Domeni ya .com ikipita muda wake, wasajili wengi wanakupa nafasi isiyozidi siku 45 kulipa kwa bei ya kawaida. Baada ya hapo kuna siku 30 za kuikomboa kwa faini kubwa, kisha siku 5 za kusubiri kufutwa, halafu inakuwa huru kwa yeyote. Majina yenye umri kama lako huwa yana watu wanaoyavizia, na mara nyingi huibuka tena yakiwa ni tovuti za kamari. Ukishaipata, tumia barua pepe ya Gmail au nyengine ya nje kwenye akaunti ya msajili, usitumie ile ya info@ ya domeni hiyohiyo. Siku domeni ikizimika, barua pepe hiyo nayo inazimika, na msajili atakuwa anakutumia maelekezo ya kujiokoa kwenye sanduku ambalo halifunguki.

Hatua ya pili ni kujua kipi kwenye tovuti ya zamani kinafanya kazi. Tovuti ya miaka kumi, hata ikiwa mbaya, ina kurasa ambazo Google inazijua na watu wengine wameziunganisha. Isajili kwenye Google Search Console mara tu ukipata funguo, kabla hujagusa chochote, uiache ikusanye taarifa. Huduma hiyo ni ya bure na huweka taarifa za hadi miezi 16. Itakuonesha maneno ambayo watu waliyatafuta wakakuona, na ukurasa gani walioubonyeza. Usishangae ukikuta ukurasa wa Ngezi unaleta watu kuliko ukurasa wa mwanzo. Andika anuani za kurasa zote kwenye jedwali la safu tatu: anuani ya zamani, kilichomo ndani, na anuani mpya itakapohamia. Fundi wako atalihitaji jedwali hili siku ya mwisho, na asipoliulizia, shaka yako juu yake iwe kubwa.

Sasa weka kompyuta pembeni, chukua simu. Fungua WhatsApp ya biashara, rudi nyuma mpaka mazungumzo hamsini ya watu waliouliza, wakiwemo wale ambao mwishowe hawakuja. Andika kila swali kwa maneno yao na uhesabu yanayojirudia. Tovuti mpya ijengwe juu ya orodha hiyo. Mafundi wengi hufanya kinyume: wanachagua mwonekano mzuri wa hoteli ya Ulaya, kisha wanakuomba wewe ujaze maneno kwenye nafasi zilizobaki, na nafasi hizo zinataka "karibu peponi" na sentensi nyengine ambazo hazimsaidii mtu aliye Nungwi anajiuliza kama aje Pemba au asije.

Kwa Wete, swali moja najua litakuwemo: jee, kuna ufukwe? Mgeni akisikia Pemba anajipigia picha kichwani ya kutoka chumbani na kukanyaga mchanga. Wete ni mji wa bandari, na mbele yake kuna mikoko na vyombo vya wavuvi. Liseme hilo waziwazi kwenye ukurasa wa vyumba, kisha uandike Vumawimbi iko dakika ngapi kwa gari kutoka mlangoni kwako. Anayetaka bahari chini ya dirisha atakwenda kwengine kwa amani, hatakuja akaondoka na kukuandikia maoni ya nyota mbili. Anayetaka msitu, popo na karafuu zimeanikwa kwenye majamvi kando ya barabara atajua amefika.

Ukurasa wa "Jinsi ya kufika" upe uzito kuliko ukurasa wa "Kuhusu sisi". Ndege inatua karibu na Chake Chake. Boti ya abiria kutoka Unguja inafunga gati Mkoani, upande wa kusini, na wewe uko kaskazini. Mtu aliyetazama ramani kwa haraka hadhani kama kati ya gati na kitanda chako kuna karibu nusu ya urefu wa kisiwa. Andika gari lako linamchukua kwa kiasi gani, linabeba wangapi, na itakuwaje boti ikichelewa. Ratiba ya boti na ya ndege usiinakili. Itabadilika bila ya wewe kujua na ukurasa wako utakuwa unasema uwongo. Weka kiungo cha kwenda kwa wenye ratiba. Fanya hivyohivyo kwa bima: tangu tarehe 1 Oktoba 2024 wageni kutoka nje ya Tanzania wanalazimika kuwa na bima ya safari ya Shirika la Bima la Zanzibar, na wanauliza sana. Mstari mmoja na kiungo rasmi vinatosha, kiasi cha malipo wakisome huko.

Safari zako tatu usizirundike kwenye ukurasa mmoja wenye jina "Shughuli". Mtu anayetafuta Misali anatafuta neno Misali, na Google inaorodhesha ukurasa mmojammoja. Kila safari iwe na ukurasa wake: saa ya kuondoka, inachukua saa ngapi, bei kwa mtu mmoja na kwa watu wanne, kiingilio cha hifadhi kimo au hakimo, avae nini, na lini haiwezekani. Hilo la mwisho linaachwa sana. Misali ni safari ya chombo, na pepo zikikaza haendi mtu. Andika hivyo, na uandike kama fedha inarudishwa. Kwenye ukurasa wa Ngezi mtaje popo wa Pemba kwa jina lake la kitaalamu pia, Pteropus voeltzkowi. Haishi pahala pengine popote duniani, na wanaomtafuta kwa jina hilo ni watu wanaokata tiketi ya ndege kwa ajili yake.

Lugha: Kiingereza kwanza, na Kiswahili pili, lakini Kiswahili kisiwe tafsiri ya Kiingereza. Mgeni wako wa Kiswahili ni mwengine kabisa. Ni ofisa kutoka Unguja au Dar aliyekuja kwa semina, au familia iliyokuja harusini. Haulizi habari za popo. Anauliza kama kuna maji ya moto, jenereta, pa kuegesha gari, chai ya saa nne kwa watu ishirini, na kama mnaweza kumtumia profoma leo kabla ya ofisi kufungwa. Ukurasa mmoja wa Kiswahili unaojibu hayo utakuingizia watu miezi ya masika, wakati Wazungu hawapo. Kiitaliano na Kijerumani viache mpaka upate mtu wa kuvisoma na kuvijibu. Ukurasa wa Kijerumani unaleta barua za Kijerumani.

Hapa kuna mtego wetu wenyewe. Safari ya Ngezi ikiondoka saa mbili asubuhi, ukurasa wa Kiswahili useme saa 2 asubuhi na wa Kiingereza useme 8:00. Fundi anayenakili kutoka ukurasa mmoja kwenda mwengine anaacha "2:00", mgeni anateremka ngazi mchana na gari limeshakwenda na kurudi. Tarehe nazo ni hivyohivyo: 03/04 kwa Muingereza ni Aprili 3, kwa Mmarekani ni Machi 4. Mwezi uandikwe kwa herufi, kwenye fomu na kwenye majibu yako ya WhatsApp.

Picha ndizo zinazoiua tovuti yako sasa hivi. Picha moja ya simu ya kisasa ina upana wa nukta (pixel) 4,000 na uzito wa MB 4 hivi. Ukurasa wenye picha 12 za namna hiyo ni MB 48. Kwa mtandao wa kasi ya megabiti 2 kwa sekunde, ambao si wa ajabu kwa mtu aliye kwenye boti au kijijini, huo ni muda wa sekunde 192, zaidi ya dakika tatu. Zipunguze kabla ya kuzipandisha: picha kubwa ya juu iwe na upana wa nukta 1,600 na isizidi KB 200, ndogo ziwe nukta 800 na zisizidi KB 80. Aina ya faili iitwayo WebP inabana vizuri, na ya JPEG kwa ubora wa asilimia 75 mpaka 80 nayo inatosha. Ukurasa mzima ukae chini ya MB 1, na mtandao uleule utaufungua kwa sekunde nne. Programu ya kupunguzia iitwayo Squoosh ni ya bure, inafanya kazi ndani ya kivinjari. Mpe fundi sharti la kuandika upana na urefu wa kila picha kwenye msimbo, la sivyo maandishi yataruka wakati picha zinaingia na mgeni atabonyeza kitufe asichokikusudia. Zile picha zinazojibadilisha zenyewe juu ya ukurasa, mwambie azisahau. Ni nzito, na wachache wanaosubiri ya pili.

Kipimo cha Google ni kwamba kitu kikubwa cha kwanza kionekane ndani ya sekunde 2.5. PageSpeed Insights, chombo cha Google cha kupimia kasi ya tovuti, itakupa namba hiyo bure. Soma upande wa simu, usidanganywe na upande wa kompyuta ambao aghalabu huwa mzuri zaidi. Google yenyewe inaisoma tovuti kwa jicho la simu. Herufi zisiwe chini ya nukta 16, vitufe visiwe chini ya nukta 48 kwa urefu.

Kitufe cha WhatsApp kiwe chini ya kila ukurasa. Kiungo chake ni wa.me/255 kisha tarakimu tisa za namba yako, bila ya sifuri ya mwanzo na bila ya alama ya kujumlisha. Wakiandika wa.me/07 kitufe kitaonekana kizuri na hakitafungua kitu. Kijaribu kwa simu ya mtu mwengine ambaye hana namba yako. Fomu nayo iombe mambo machache tu: jina, tarehe ya kufika, tarehe ya kuondoka, idadi ya watu. Fomu nyingi zinakufa kimyakimya kwa sababu seva, yaani ile kompyuta ya hosti, inatuma barua bila ya kitambulisho na Gmail inazitupa kwenye taka. Mwambie fundi aitumie SMTP, yaani njia rasmi ya kutumia barua, ya sanduku lako halisi, na ujitumie maombi matatu ya majaribio. Namba ya kadi ya benki usiiombe kwenye fomu wala kwenye WhatsApp, hata mgeni akikubembeleza.

Tuje kwa fundi. Milioni moja na nusu siiti ghali wala rahisi mpaka nijue ndani yake mna nini. Muombe akuoneshe tovuti tatu alizojenga zaidi ya mwaka mmoja uliopita, uzifungue kwa bando la simu yako, si kwa WiFi ya ofisini kwake. Kisha yaandikwe: domeni na hosti viko kwa jina lako na unalipa mwenyewe, kurasa ni ngapi, nani anaandika maneno, nani anapunguza picha, themu (mwonekano uliotengenezwa tayari) na plagini (programu ndogo za kuongezea) zimenunuliwa au ni za bure halali. Hili la mwisho ulishikilie. Themu za kulipia zilizovunjwa kufuli na kusambazwa bure huwa na msimbo uliofichwa, na baada ya miezi michache wageni wako wanapelekwa kwenye matangazo ya kamari huku wewe mwenyewe ukiifungua unaona sawa. Malipo yagawe mara tatu: theluthi ya kuanzia, theluthi tovuti ya majaribio ikifunguka vizuri kwenye simu, theluthi wiki mbili baada ya kwenda hewani.

Wiki mbili zinatosha kwa mkono wa fundi, hazitoshi kwa kazi yote. Kurasa nane zikishakuwa na maneno na picha tayari, kuziunganisha ni kazi ya siku kumi. Lakini kuandika bei, masharti na maelezo ya safari kutakuchukua wewe mwezi mzima katikati ya wageni, na suala la domeni halina tarehe. Lenga kuhama Aprili au Mei. Julai mpaka Septemba na kuelekea mwaka mpya usiguse kitu.

Siku ya kuhama yenyewe iwe Jumatatu au Jumanne asubuhi, si Ijumaa. Bekapu ya mafaili na ya kanzidata ichukuliwe na ikae kwenye kompyuta yako, si kwenye seva hiyohiyo. Siku moja kabla, muda wa kumbukumbu za DNS (orodha inayosema jina lako lielekee kompyuta gani), uitwao TTL, ushushwe kuwa sekunde 300 ili mabadiliko yaenee upesi. Kosa linaloumiza kuliko yote ni hili: fundi anabadilisha seva za majina, yaani zile zinazotunza orodha hiyo ya DNS, anahamisha tovuti, anasahau kunakili rekodi za barua pepe, yaani MX, inayosema barua ziende wapi, na zile za TXT zenye SPF na DKIM, zinazothibitisha kwamba barua ni zako kweli. Tovuti inapendeza, lakini maombi ya vyumba yanayokuja kwa barua pepe yanarudishwa kwa wenyewe, na unaweza kukaa wiki ukidhani biashara imelala. Piga picha ya ukurasa mzima wa rekodi za DNS kabla ya kuanza, na jioni ile jitumie barua kutoka nje.

Kisha lile jedwali la safu tatu. Kila anuani ya zamani ielekezwe kwa 301, yaani amri ya kumhamisha mgeni moja kwa moja na kwa kudumu, kwenye ukurasa mpya wenye habari ileile: Ngezi kwa Ngezi, vyumba kwa vyumba. Mvivu huelekeza zote kwenye ukurasa wa mwanzo. Google huzihesabu kama kurasa zilizokufa na nguvu zake hupotea. Maelekezo hayo yakae mwaka mmoja au zaidi. Hakikisha pia kwamba kile kisanduku cha WordPress kinachozuia mitambo ya kutafutia, kilichowekwa alama wakati wa majaribio, kimeondolewa alama. Kikisahauliwa, ndani ya wiki chache jina lako halionekani tena Google na hakuna ujumbe wowote wa kosa. Peleka ramani mpya ya tovuti (sitemap, faili lenye orodha ya kurasa zako) kwenye Search Console, pita kila baada ya siku tatu kuangalia kurasa zinazotoa 404, yaani ujumbe wa ukurasa haupatikani, na hosti ya zamani usiifute mpaka mwezi upite. Nafasi yako kwenye utafutaji itapanda na kushuka kwa wiki kadhaa. Usimwite fundi kila siku kwa hilo.

Kuhusu .co.tz: iandikishe, kupitia msajili aliyeidhinishwa wa majina ya .tz, kwa jina la biashara yako, ili mwengine asiichukue. Lakini usihamie. Ielekeze kwa 301 kwenye .com yako ya sasa, ambayo ina miaka kumi ya viungo nyuma yake. Ukishindwa kabisa kuikomboa .com, hapo .co.tz ndiyo iwe nyumba mpya, na kazi yako ya kwanza itakuwa kubadilisha anuani kwenye wasifu wako wa Google, kwenye Booking.com, Tripadvisor na Instagram siku hiyohiyo, kisha kuwaandikia mmojammoja wenye tovuti zilizokuunganisha wabadilishe kiungo.